Nyuso zote zinafanana: nitawatambuaje Matirthankara katika picha zangu?

Mwanagenzi ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Nimerudi kutoka India nikiwa na picha zaidi ya mia tatu za mahekalu na mapango ya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya huko India, na kwa wiki mbili sasa nimekaa nazo mezani nikijaribu kuziandikia maelezo mafupi, kwa kuwa nimeahidi kuzionyesha kwa kikundi cha wapenzi wa sanaa. Kazi niliyodhani ingekuwa ya jioni mbili imenishinda, nami naomba msaada wa wenye ujuzi.

Kwanza, sanamu zote zinafanana. Nilipiga picha Badami, Ellora, Ranakpur na Shravanabelagola, mahali palipotengana kwa mamia ya kilomita na kwa karne nyingi, lakini mtu aliyechongwa ni yuleyule. Ama ameketi akiwa amekunja miguu na viganja vimelala mapajani, ama amesimama wima kama mlingoti huku mikono ikining'inia bila kugusa mwili. Uso ni mtulivu, haucheki wala haununi. Masikio ni marefu, na nywele ni za kipilipili. Katika pango moja mtu aliyekuwa akituongoza alituambia kwamba huyo ni Buddha, na katika pango la pili akasema ni Mahavira. Nilipomwuliza tofauti iko wapi, alikiri kwa uungwana kwamba hata yeye hukisia.

Pili, karibu kila mlango na kila meza ya ibada ina swastika. Ninajua kuwa alama hii ni ya kale kuliko uovu wa Wanazi, lakini ningependa kueleza inasema nini kwa Wajaini wenyewe, badala ya kuandika kwamba ni alama ya amani kisha nikapita.

Tatu, na hili ndilo lililoninyima usingizi: katika hekalu moja la Wadigambara, mojawapo ya madhehebu mawili makubwa ya Wajaini, niliona bamba la shaba limesimamishwa juu ya kitako, urefu wake haufiki dhiraa moja, na katikati limekatwa tundu lenye umbo la mtu aliyesimama. Sanamu yenyewe haipo. Kuna tundu tu, na ukichungulia unauona ukuta wa nyuma. Je, sanamu iliibwa, au bamba lilitengenezwa hivyo tangu mwanzo?

Mchonga Mawe amejibu:

Karibu, ndugu Mwanagenzi. Nitaanza na hilo la kufanana, kwa sababu ukilielewa, mengine mengi yatakaa mahali pake yenyewe.

Tirthankara ni mtengeneza kivuko: mtu aliyeuvuka mto wa kuzaliwa na kufa tena na tena, akawaachia wengine mahali pa kupitia. Wajaini wanawahesabu 24 katika zama hizi, wa kwanza akiwa Rishabhanatha, anayeitwa pia Adinatha, na wa mwisho Mahavira. Kila mmoja alikuwa na wazazi wake, mji wake na kisa chake. Lakini anapochongwa, huchongwa akiwa amekwisha kuishinda hasira, kiburi, hila na tamaa, na hayo ndiyo mambo yanayouchora uso wa mtu ukawa wake peke yake. Mchongaji akimpa Rishabhanatha kunyanzi la paji na Mahavira tabasamu la upande mmoja, atakuwa amewarudisha katika dunia waliyoiacha. Jina lao jingine ni Jina, neno la Kisanskriti lenye maana ya mshindi, na wote wameshinda vita vilevile.

Kwa hiyo macho yako yaondoe usoni, uyapeleke pembezoni. Anza chini kabisa, kwenye kitako cha sanamu. Hapo katikati hutiwa mnyama au kitu kidogo, wakati mwingine kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, ambacho huitwa lanchana, na hicho ndicho kitambulisho. Ukiona fahali, huyo ni Rishabhanatha. Tembo ni Ajitanatha, farasi ni Sambhavanatha, kifaru ni Shreyamsanatha, swala ni Shantinatha, kobe ni Munisuvrata, kombe la baharini la kupuliza ni Neminatha, nyoka ni Parshvanatha, na simba ni Mahavira. Sitaitaja orodha nzima, kwa sababu hutaihitaji yote. Katika picha za msafiri wa kawaida, Rishabhanatha, Shantinatha, Neminatha, Parshvanatha na Mahavira huchukua sehemu kubwa, kwani ndio wanaopendwa zaidi kuchongwa.

Hapa nikutahadharishe na kosa ambalo nimelifanya mwenyewe zaidi ya mara moja. Kiti anachokalia Tirthankara ni kiti cha simba, yaani kiti cha enzi, na kwa sababu hiyo simba wawili huchongwa chini yake, mmoja kila upande, hata kama aliyeketi si Mahavira. Nilikuwa nikiona simba naandika Mahavira, mpaka siku moja nilipokuza picha nikamwona fahali mdogo amelala katikati ya simba hao wawili. Simba wa kiti hukaa pembeni na hutazama nje. Simba wa Mahavira hukaa katikati.

Jambo la pili la kuangalia ni hekalu lilikuwa la nani, kwa kuwa madhehebu mawili makubwa hayakubaliani katika vitambulisho vyote. Washvetambara, ambao watawa wao huvaa nguo nyeupe, humpa Anantanatha kipanga, ilhali Wadigambara, ambao watawa wao wa kiume huishi bila nguo, humpa dubu. Aranatha kwa Washvetambara ana nandyavarta, ile swastika yenye mikono iliyokunjwakunjwa hadi kufanya pembe tisa tisa, na kwa Wadigambara ana samaki. Tofauti zenyewe ni chache, lakini zinatosha kumwaibisha mtu mbele ya hadhira.

Na jambo la tatu linahusu umri wa sanamu. Vitambulisho hivi havikuwapo tangu mwanzo. Katika sanamu za mji wa Mathura za enzi ya Wakushana, watawala wa karne za mwanzo baada ya Kristo, ambazo nyingi zilifukuliwa katika kilima cha Kankali Tila mwishoni mwa karne ya 19, hakuna mnyama wa kitambulisho. Wawili ndio wanaotambulika kwa urahisi kwa kuwatazama. Rishabhanatha ana nywele ndefu zinazomwagikia mabegani, kwa sababu katika masimulizi ya Washvetambara alipokuwa akizing'oa nywele zake siku ya kuiacha dunia, Indra, mfalme wa miungu, alimwomba asiing'oe konzi ya mwisho. Na Parshvanatha ana fira aliyetanua shingo juu ya kichwa chake. Wengine wengi walijulikana kwa maandishi yaliyochongwa chini yao, na maandishi yakifutika, jina nalo hufutika. Baadaye, katika enzi ya Wagupta waliotawala baada ya Wakushana, tunaanza kuona mifano kama Neminatha wa Rajgir mwenye kombe kwenye kitako chake, na ilichukua karne kadhaa desturi hiyo kuenea.

Kuhusu Buddha, aliyekuongoza si wa kwanza kukosea. Tirthankara hujulikana kwa mikao miwili tu, uliyoieleza vizuri sana, na mikono yake haifanyi lolote: haibariki, haifundishi, haigusi ardhi kuiita iwe shahidi kama mkono wa Buddha unavyofanya. Juu ya kichwa kuna miavuli mitatu iliyopangana. Kwenye kifua cha sanamu za kaskazini utaona alama ya shrivatsa, mfano wa ua la petali nne au umbo la almasi, ambayo kusini mara nyingi haiwekwi. Na kama amesimama bila nguo, swali limekwisha, kwa sababu Buddha hachongwi hivyo.

Kalamu Kavu amejibu:

Kuhusu swastika, njia ya kutofautisha ni rahisi: ya Wajaini mikono yake inaelekea kulia, na ya Wanazi inaelekea kushoto. Ukishataja hilo katika maelezo yako, watazamaji hawatachanganyikiwa.

Dada Marumaru amejibu:

Kaka Kalamu Kavu, samahani, usemi huo umeenea sana lakini si sahihi, na ndugu yetu akiuandika atasahihishwa na mtazamaji wa kwanza mwenye kujua. Zote mbili kwa kawaida huelekea kulia. Ya Wanazi iliinamishwa nyuzi 45 ikasimama juu ya ncha yake, ikatiwa rangi nyeusi ndani ya duara jeupe juu ya kitambaa chekundu. Ya Wajaini hukaa sawa juu ya upande wake, na zaidi ya yote, ni nadra kuwa peke yake. Mwanagenzi, tazama juu yake katika picha zako: utaona vitone vitatu, na juu ya vitone hilali iliyolala kama kikombe, na juu ya hilali kitone kimoja.

Mimi niliielewa alama hii siku nilipomtazama mama mmoja mzee akiitengeneza, katika hekalu dogo huko Gujarat. Aliketi mbele ya meza fupi, akachota mchele kutoka kwenye kijaluba, akaumwaga katikati ya meza ukawa fungu dogo. Kisha kwa kidole kimoja akaanza kuuburuta mchele kutoka katikati kwenda nje, akaukunja pembeni, akarudi katikati, akaenda upande mwingine, mpaka mikono minne ikatokea. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akaongeza mafungu matatu madogo kwa mstari, halafu juu kabisa hilali na punje chache ndani yake. Juu ya swastika akaweka kipande cha kitu kitamu, na juu ya hilali akaweka tunda. Akasali, akainuka, akauacha mchele palepale.

Maana yake ni hii. Mikono minne ni hali nne ambazo roho inaweza kuzaliwa ndani yake: miungu, wanadamu, wanyama pamoja na mimea, na wakazi wa jehanamu. Zingatieni kwamba hata miungu imo ndani ya mkono mmojawapo. Kuzaliwa mungu si kuokoka, kwa kuwa maisha ya mbinguni nayo yana mwisho, na roho hurudi kuzunguka. Vitone vitatu ndivyo njia ya kutoka, yaani mtazamo ulionyooka, elimu iliyonyooka na mwenendo ulionyooka, ambavyo Wajaini huviita vito vitatu. Hilali ni siddhashila, mahali palipo juu kabisa ya ulimwengu, na kitone kilicho ndani yake ni roho zilizokombolewa. Kwa hiyo yule mama hakuwa akichora pambo. Alikuwa akichora mahali alipo, njia anayotaka kupita na mahali anapotaka kufika, na kwa kawaida mchele unaotumika ni ule uliokobolewa, kwa sababu punje iliyovuliwa ganda ukiipanda haioti tena. Hilo la mchele kutoota ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa ni fundisho zima la kutozaliwa tena ndani ya kitu kinachotoshea kiganjani.

Ramani hiyohiyo utaiona imekusanywa katika nembo iliyokubaliwa na madhehebu yote wakati wa maadhimisho ya miaka 2500 ya nirvana ya Mahavira, yaani kufa na kukombolewa kwake, mwaka 1974 hadi 1975. Umbo lake la nje, lililopanuka chini, likabana kiunoni na kupanuka tena juu, ndilo umbo la ulimwengu kwa mujibu wa Wajaini. Ndani yake kuna swastika, vitone na hilali, na chini kuna kiganja kilichoinuliwa chenye gurudumu la vijiti 24, katikati limeandikwa ahimsa, yaani kutodhuru. Kiganja kinasema simama ufikiri kabla ya kutenda. Nembo hii ni ya juzi, lakini vitu vilivyomo ni vya kale, na kama umepiga picha milango ya mahekalu ya sasa, bila shaka unayo.

Kuhusu Ranakpur nitasema kwa ufupi tu, kwa sababu ni hekalu la Washvetambara na huenda likakutatiza baada ya kutoka kwenye mapango. Wao huzitia sanamu macho yaliyofunguka, ya kioo au ya enameli, na siku za sherehe huzivika taji na mapambo ya fedha au dhahabu. Wadigambara huziacha sanamu bila chochote, macho yakiwa yameinamia chini nusu yamefumba. Ukiona jicho linalokukodolea ndani ya marumaru nyeupe, umekwisha kujua uko kwa nani.

Karatasi Kuukuu amejibu:

Nimelisubiri swali la tatu lipate mtu, na kwa kuwa limeachwa, nalichukua. Ndugu Mwanagenzi, hakuna aliyeiba kitu. Ulichokiona ni sanamu ya siddha, na lile tundu ndilo sanamu yenyewe.

Ili uelewe kwa nini, inabidi utofautishe hali mbili. Tirthankara tunayemwona amechongwa kwa jiwe ni arihanta, mtu aliyekwisha kufikia ujuzi wote lakini bado ana mwili na bado anafundisha. Kwa mujibu wa masimulizi, miungu humjengea uwanja wa duara wa kufundishia uitwao samavasarana, wenye kuta tatu zinazozungukana, ambamo wanadamu, miungu na wanyama huketi pamoja bila ya mmoja kumwogopa mwingine. Yeye hukaa katikati akielekea mashariki, na mifano yake hutokea katika pande nyingine tatu ili kila msikilizaji aone kwamba anatazamwa. Sanamu zenye nyuso nne zinazoelekea pande nne, kama ile ya Adinatha iliyo katikati ya hekalu la Ranakpur, zinatokana na hapo. Miavuli mitatu, mti nyuma ya kichwa, duara la nuru, wapunga migwisho wa kulia na kushoto, ngoma na maua yanayoanguka kutoka angani, vyote ni vitu vya uwanja huo.

Siddha ni hatua inayofuata. Mwili umekwisha kuachwa, karma yote imekwisha, na roho imepanda hadi kilele cha ulimwengu na kutulia huko. Haina rangi, haina uzito, haina kitu cha kushikwa. Lakini Wajaini hawasemi kwamba imeyeyuka ndani ya kitu kikubwa zaidi. Kila roho hubaki yenyewe milele, na hata huhifadhi umbo la mwili wake wa mwisho, likiwa limepungua kidogo. Sasa mweleze fundi wa shaba akutengenezee kitu hicho: chenye umbo, kisicho na mwili. Fundi akachukua bamba, akakata, akatupa kipande alichokikata, akabakiza uwazi. Sijui jibu jingine la kifundi lililo fasaha kuliko hilo.

Ukirudi tena siku moja, lisimamie bamba hilo asubuhi taa ikiwa imewashwa nyuma yake. Mtu wa nuru husimama mbele yako, na ukisogea hatua moja kando, hayupo.

Mwanagenzi ameandika tena:

Nawashukuru sana, na Dada Marumaru nakushukuru kwa kuniokoa na aibu ya mikono ya kulia na kushoto, ambayo nilikuwa nimekwisha kuiandika kwenye picha nne.

Nimezikuza picha kama Mchonga Mawe alivyoelekeza. Sanamu 31 nimezipata vitambulisho vyake, na kati ya hizo kuna kobe mmoja mzuri mno ambaye sikumwona kabisa nilipokuwa nimesimama mbele yake. Nimebaki na mambo mawili. Katika mapango ya Badami na ya Ellora nina picha za watu wawili waliosimama, wakielekeana kutoka ukuta huu hadi ule, na nilidhani wote ni Bahubali kwa sababu nilitoka kumwona yule mkubwa wa Shravanabelagola. Mmoja amezingirwa na mimea itambaayo. Mwingine ana kitu kama mkia mnene nyuma ya mwili wake, na juu yake kuna watu wenye ghadhabu.

Jambo la pili ni sanamu ya jiwe jeusi, aliyeketi, ambayo kitako chake kimelika kikawa laini kama sabuni. Hakuna mnyama. Nywele hazijamwagika mabegani, na nyoka hayupo. Upande wa kushoto wa mtazamaji kuna mwanamume mnene aliyeketi, na upande wa kulia kuna mwanamke amepakata mtoto, mkononi ana tawi lenye maembe. Nimesoma mahali kwamba huyo mwanamke ni Ambika, mlinzi wa Neminatha. Je, niandike Neminatha?

Mchonga Mawe amejibu:

Wale wawili ni jozi inayojulikana sana, na umebahatika kuwapata wote. Mwenye mimea ni Bahubali, ambaye si Tirthankara, bali ni mwana wa Rishabhanatha. Alipigana na kaka yake Bharata kwa ajili ya ufalme, akamshinda, na katika dakika ileile ya ushindi akaona ubatili wake. Akasimama mahali pamoja bila kusogea kwa mwaka mzima, mimea ikampanda miguuni na mikononi, na vichuguu vikaota kandokando yake. Katika picha zako za Ellora angalia kama kuna wanawake wawili pembeni wanaoshika ncha za mimea hiyo kama watu wanaotaka kuiondoa. Yule wa Shravanabelagola, aliyechongwa kutoka mwamba mmoja kwa amri ya waziri Chavundaraya mnamo mwaka 981, ana urefu wa mita zipatazo 17, na bado mchongaji alipata subira ya kuuchonga mmea jani kwa jani juu ya mapaja yake.

Huyo mwenye mkia mnene ni Parshvanatha. Mkia ni mwili wa fira, naye ni Dharanendra, mfalme wa nyoka, ambaye katika maisha yake ya awali alikuwa nyoka aliyekuwa akiungua ndani ya gogo la kuni, na Parshvanatha ndiye aliyemtoa humo. Wenye ghadhabu ni adui wa Parshvanatha na jeshi lake, wakimrushia mawe na kumteremshia tufani ili akatize tafakuri, na fira ametanua vichwa vyake kumkinga. Ukivihesabu utapata saba mara nyingi. Vikiwa vitano, fikiria Suparshvanatha kabla ya kuandika. Wachongaji waliwaweka Bahubali na Parshvanatha wakikabiliana kwa sababu wote wawili hawakutikisika, mmoja mbele ya muda na mwingine mbele ya mashambulizi.

Kuhusu sanamu ya jiwe jeusi, usikimbilie Neminatha. Ni kweli kwamba Ambika ndiye mlinzi wake wa kike katika mpango uliokamilika, wenye jozi ya walinzi kwa kila Tirthankara. Lakini mpango huo ulikomaa baadaye. Kabla ya hapo, kwa muda mrefu, jozi ya Ambika na yule mwanamume mnene ilichongwa pembeni ya karibu kila Tirthankara bila kujali ni nani, kwa hiyo kuwapo kwao hakuthibitishi chochote kuhusu aliyeketi katikati. Mwanamume huyo huyo akipanda tembo ndiye waliyemdhania Indra huko Ellora, na ndiyo sababu pango namba 32 linaitwa Baraza la Indra mpaka leo, ingawa Indra hakuhusika.

Andika: Tirthankara, ameketi, pamoja na Ambika na mlinzi wa kiume. Mahali pa jina paache wazi.